Kubadilisha treni za abiria zilizochakaa: futi kwanza, katalogi baadaye

Kila serikali inapotangaza kwamba itanunua treni mpya za abiria, simu yangu haipumziki. Wanapiga wanafunzi, wanapiga waandishi wa habari, na safari nyingine anapiga mtu aliyeteuliwa juzi kwenye kamati ya manunuzi na hajui aanzie wapi. Maswali ni yale yale. Kwa nini za zamani zisikarabatiwe? Mitumba ina ubaya gani? Mbona basi unalinunua wiki hii na kulipakia abiria wiki ijayo, lakini treni mnatuambia miaka mitano? Umeme au dizeli? Nimechoka kujibu kwa simu, kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Ninazungumzia treni za mikoani: zile za saa mbili hadi siku nzima, zinazosimama stesheni ndogo ndogo, zenye abiria wa kila siku na wenye mizigo. Siongelei metro za jijini wala treni za kasi ya kilomita 300. Na kwa kuwa miaka yangu mingi niliimalizia kwenye shimo la ukaguzi chini ya mabehewa, nadharia utaikuta kidogo sana.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Orodha ya kila behewa na kila kichwa cha treni, kwa namba iliyoandikwa ubavuni.
- Madaftari ya karakana ya miaka mitatu au zaidi. Yale yenye madoa ya grisi. Nakala safi ya ofisini haitakusaidia.
- Ratiba iliyotembea kweli, pamoja na ile iliyobandikwa ukutani. Utazihitaji zote mbili ili uone tofauti.
- Michoro ya njia: kona, miinuko, madaraja, mahandaki, urefu wa majukwaa na wa njia za kupishana.
- Idadi ya abiria kwa kila stesheni, na mizigo wanayobeba.
- Watu: fundi mzee wa karakana, dreva, gadi, mhandisi wa njia, mhasibu, na mwanasheria anayejua mikataba. Fundi mzee asikose hata kama hana cheti.
- Futi, tochi, nyundo ndogo, buti, na ruhusa ya maandishi ya kuingia njiani.

Kumbuka katalogi ya kiwanda haimo kwenye orodha. Ikiletwa mezani leo, iweke kabatini.

Hatua ya 1: Hesabu kwa miguu

Niliwahi kukabidhiwa jedwali safi kabisa: mabehewa 42, yote "yanafanya kazi". Nikavaa buti nikayazungukia moja moja. Manane yalikuwa yamekaa juu ya magogo, bogi zake, yaani fremu zinazobeba magurudumu, zimekwisha kuvutwa zikawekwa chini ya mengine. Moja mlinzi alikuwa amehamia, ametundika neti ya mbu na viatu vyake amevianika dirishani. Jingine mpapai ulikuwa umeota kwenye ngazi, na una matunda. Kwenye jedwali yote hayo yalikuwa "yanafanya kazi", kwa sababu hakuna aliyewahi kusaini karatasi ya kuyaondoa.

Kwa kila behewa andika mwaka kutoka kwenye kibati cha kiwandani, kipenyo cha magurudumu kilichobaki, hali ya breki, milango, sakafu, na hasa boriti za chini. Chukua nyundo ugonge boriti iliyo chini ya mlango na chini ya choo, pale maji yanapotuama. Chuma kizima kinalia vizuri, sauti inakwenda mbali. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye maharage, na ukigonga tena kinamwaga unga mwekundu kwenye buti lako. Behewa la namna hiyo hata ukilipaka rangi mpya na kulitia viti vya ngozi, ni mkweche uliovaa suti.

Kisha yagawe mafungu matatu: yanayoweza kuendelea miaka kumi, yanayoweza kusukuma hadi mapya yafike, na yaliyokufa. Fungu la kati ndilo litakalokuokoa baadaye, kwa hiyo usilidharau.

*Kosa la kawaida:* kuhesabu behewa kuwa zima kwa sababu lilionekana likitembea mwezi uliopita. Uliza limesafiri siku ngapi katika mwaka mzima.

Hatua ya 2: Amua kati ya kukarabati, mitumba na mpya

Behewa likitunzwa huishi miaka 30 hadi 40. Likifika nusu ya umri na boriti zake nzima, ukarabati mkubwa ni pesa iliyotumika vizuri. Likiwa na miaka 38 na unga mwekundu chini, unamfanyia upasuaji maiti.

Ukitaka kununua rahisi, soma habari ya Pacer za Uingereza. Miaka ya 1980 shirika la reli la huko lilihitaji treni za bei nafuu kwa njia za mikoani, wakachukua muundo wa basi la Leyland wakaupandisha juu ya fremu ya ekseli mbili, mfano wa behewa la mizigo. Zilikusudiwa kuishi kama miaka 20. Za mwisho zilistaafu 2021. Abiria wa kaskazini mwa Uingereza na wa Wales walirushwarushwa humo kwa zaidi ya miaka 30, kwa sababu kilichonunuliwa kiwe cha muda hakikupangiwa mrithi.

Mitumba nayo si dhambi. Kenya mwaka 2020 ilileta treni 11 za dizeli kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, kwa usafiri wa Nairobi na vitongoji vyake. Mallorca walikuwa wameweka umeme kwenye njia zao na treni za dizeli zikabaki bila kazi. Jambo lililowezesha biashara hiyo ni dogo na ndilo watu hulisahau: reli ya Mallorca ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita, milimita 1000, sawa na reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Reli ya Kati ya Tanzania. Mitumba ya Ujerumani inaweza kuwa mizuri na rahisi kuliko hiyo, lakini ni ya 1435, kwa hiyo inafaa kwenye SGR tu, ile reli mpya pana zaidi. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ni 1067, na tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kabisa kuzuia behewa la Mbeya lisikanyage reli ya kwenda Tabora.

Ukienda kuangalia mitumba, usikubali kuoneshwa treni iliyosimama. Panda, itembee saa nzima, upande mlima, upige breki. Omba daftari lake la matengenezo. Kisha uliza swali moja: nani anatengeneza vipuri vyake leo? Ukijibiwa "vinapatikana", omba ankara ya mwaka huu.

Hatua ya 3: Pima njia nzima

Hapa ndipo watu hujikwaa, na nitakaa kidogo.

Mwezi Juni 2020, Hispania iliagiza treni 31 kwa CAF, kampuni ya kutengeneza treni, kwa euro milioni 258. Zilikuwa za kubadilisha treni chakavu za mikoa ya Cantabria na Asturias, milimani kaskazini, kwenye reli ya geji ya mita kama yetu ya zamani. Njia zile zimeanza kujengwa karne ya 19, na mahandaki yake hayalingani na viwango vya leo: mengine mapana, mengine finyu. Vipimo vilivyoandikwa kwenye zabuni havikuwa vya mahandaki yenyewe. Kiwanda ndicho kilichogundua kwamba treni ikitengenezwa kwa vipimo vile haitapita. Hakuna hata moja iliyokuwa imeundwa, hilo ni la kushukuru, lakini kazi ilirudi nyuma miaka. Februari 2023 habari ilipotapakaa, katibu wa nchi wa uchukuzi na rais wa Renfe, shirika la treni la Hispania, wote walijiuzulu.

Wafaransa wao walikwishachekwa mapema. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba treni mpya za mikoani zilizoagizwa ni pana kuliko nafasi iliyopo kati ya majukwaa ya stesheni. Wenye njia walikuwa wametoa vipimo vya majukwaa yaliyojengwa karibuni, wakati mengi huko mikoani ni ya zamani na yamesogea zaidi kwenye reli. Ikabidi majukwaa yapatayo 1,300 yakatwe kingo, gharama euro milioni 50.

Kwa hiyo fanya hivi:

a) Chukua kiberenge, funga juu yake fremu ya mbao yenye umbo kamili la treni unayoifikiria: upana, kimo, mabega. Siku hizi kuna vipimo vya leza na vinakwenda haraka zaidi, lakini fremu ya mbao haidanganyi na mkuu wa idara anaielewa bila kuelezwa. Pembeni bandika vipande vya sponji. Kila kitakapokwaruza, simama, andika kilomita.

b) Pima kila handaki, kila daraja la juu, kila jukwaa, kila nguzo ya ishara. Neno ni "kila". Sampuli ndiyo iliyowaponza Wafaransa.

c) Kwenye kona ongeza nafasi. Behewa refu likipinda, tumbo linaingia upande wa ndani wa kona na ncha zinatoka nje. Behewa lililopita bila taabu kwenye nyoofu linaweza kukwangua jukwaa lililojengwa kwenye kona.

d) Pima kimo cha reli ilivyo sasa, mchoro wa zamani usiutegemee. Kila njia inaposhindiliwa kokoto mpya, reli inapanda kidogo. Miaka 40 ya kushindilia inaweza kuinua reli kiasi cha kupunguza nafasi chini ya daraja na kubadilisha kimo cha ngazi stesheni.

e) Uliza maji yanafika wapi. Kati ya Kilosa na Gulwe, mto umewahi kuila Reli ya Kati zaidi ya mara moja. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yalisimamisha treni kwa miezi. Treni za kisasa hupenda kuficha vifaa vya umeme chini ya sakafu. Mwambie mtengenezaji maji yamewahi kufika wapi juu ya reli, kwa sentimita.

Kuna njia ya mkato ambayo ni halali, na ndiyo Wahispania walioiangukia mwishowe: mbinu ya kulinganisha. Unachukua treni kubwa kuliko zote zinazopita leo bila kugusa popote, unaipima vizuri, kisha unaagiza mpya isiyozidi umbo lake. Utapoteza sentimita chache za upana. Zipoteze.

*Kosa la kawaida:* kumwachia mtengenezaji jukumu la vipimo kwa kuandika "treni iendane na njia iliyopo". Njia ni yako.

Hatua ya 4: Hesabu unahitaji treni ngapi

Wengi hupanga idadi kwa kuangalia bajeti, au kwa kuhesabu za zamani na kuongeza moja. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Tuseme safari ni saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, na kila mwisho treni inasimama nusu saa kusafishwa na kubadili upande. Mzunguko mzima ni saa 5. Ukitaka treni iondoke kila saa, unahitaji treni 5 barabarani kwa wakati mmoja. Ongeza moja iliyo karakana kwa matengenezo ya kawaida. Ongeza nyingine iliyosimama tayari, dreva yumo, kwa siku ambayo moja imegoma. Jumla 7. Ukinunua 5 kwa kuwa ratiba inasema 5, mwezi wa pili utaanza kufuta safari.

Kama njia ni moja tu, pima pia urefu wa njia za kupishana. Treni ya mabehewa 12 haina faida kama mahali pa kupishania panatosha mabehewa 9 tu.

Hatua ya 5: Chagua nishati

Swali la umeme au dizeli hujibiwa na njia, mapenzi hayahusiki. Njia ikiwa na nyaya za juu, au fedha za kuziweka zimekwisha kupatikana, chukua umeme: treni nyepesi, inaondoka stesheni kwa nguvu, vipuri vichache. Tanzania ilijenga SGR ikiwa na umeme wa kilovolti 25 tangu mwanzo, ikaagiza Hyundai Rotem vichwa 17 vya umeme na seti 10 za treni zinazojiendesha bila kichwa, zile ambazo watu wameshazibatiza jina la mchongoko. Abiria wa Dar es Salaam hadi Morogoro walianza kusafiri Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata.

Njia isiyo na nyaya na isiyo na ahadi ya nyaya, dizeli bado ni jibu la mtu mzima. Ukiambiwa nyaya zitakuja baada ya miaka kumi, uliza bei ya treni inayotumia vyote viwili.

Betri na haidrojeni? Betri kwa kipande kifupi kisicho na nyaya, sawa. Kwa haidrojeni, angalia kwanza mji wa Bremervörde, Ujerumani, zilikoanza treni 14 za haidrojeni mwaka 2022. Mwaka uliofuata jimbo lenye mji huo likatangaza kwamba manunuzi yajayo yatakuwa ya betri. Mimi nisingekuwa wa pili.

Hatua ya 6: Andika mahitaji ukiwa umekaa na abiria

Panda treni ya zamani, daraja la tatu, safari nzima. Usipande ukiwa na msafara. Angalia mikono ya watu imeshika nini.

Treni iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya ina nafasi ya begi la magurudumu na kompyuta. Abiria wa Kigoma anapanda na madumu ya mawese. Wa njiani anapandisha gunia la mchele, kuku wawili, na ndoo ya nyanya kwa ajili ya ndugu mjini. Usipompa pa kuweka, ataweka mlangoni, na mlango unaojifunga wenyewe utafunguka tena, na tena, na treni haitaondoka. Chagua: ama uweke behewa la mizigo, ama upange nafasi kubwa karibu na mlango, ama ukataze mizigo na ukubali kwamba abiria huyo umemwachia mwenye basi. Vyote vitatu ni maamuzi. Kutofikiria ndilo kosa.

Mengine, kwa haraka: vumbi (kichujio cha kiyoyozi kibadilishwe mara ngapi, na kwa bei gani), madirisha machache yanayofunguka kiyoyozi kikifa saa saba mchana nje ya Bahi, kimo cha sakafu kulingana na jukwaa, nafasi ya kiti cha magurudumu. Bibi wa miaka 70 asipande ngazi tatu kwa kuvutwa mkono.

Na choo. Treni za zamani zilimwaga njiani. Mpya zina matangi. Tangi linahitaji mahali pa kunyonywa, na mahali hapo hapajengwi na kiwanda cha treni. Bila hapo, siku ya tatu vyoo vyote vitafungwa kwa misumari na abiria watasema treni mpya ni mbovu.

Hatua ya 7: Jenga karakana kabla ya treni

Kama una pesa za treni tu na huna za karakana, punguza treni. Treni iliyofungwa pamoja haikatwi kirahisi behewa moja moja, kwa hiyo shimo la ukaguzi liwe na urefu wa treni nzima, na jeki ziinue zote kwa pamoja. Unahitaji mashine ya kuchonga magurudumu bila kuyavua, kwa sababu breki za ghafla huacha bapa kwenye gurudumu, nalo hugonga reli kama nyundo mpaka lichongwe. Unahitaji stoo yenye vipuri vya miaka miwili, na mafundi waliokwisha kupelekwa kiwandani treni ikiwa bado mifupa. Jimbo la New South Wales, Australia, lilipoamua kubadilisha treni zake za XPT zilizoanza kazi 1982, lilijumuisha karakana mpya mjini Dubbo kwenye mkataba huo huo. Hilo ni la kuigwa. Upande wa ratiba nitaugusa chini.

Hatua ya 8: Zabuni na mkataba

Sheria za manunuzi za nchi yako unazijua au mwanasheria anazijua. Mfumo wa mtandaoni utaufuata hatua kwa hatua. Mimi nasema mambo matano ambayo hayamo kwenye fomu:

Linganisha bei ya miaka 30: ununuzi, umeme au mafuta, vipuri, ukarabati wa katikati. Treni rahisi yenye vipuri vya mwuzaji mmoja tu ni mtego.

Malipo yafuate kazi iliyokamilika na kukaguliwa. Tarehe za kalenda zisimlipe mtu.

Programu za treni: hakikisha funguo za kusoma makosa na kubadilisha mipangilio zinabaki kwako. Nimeona treni ikilala wiki nzima kwa kosa la sensa ya mlango, ikisubiri mtu wa kompyuta apate viza.

Miongozo ya matengenezo iandikwe kwa lugha ambayo fundi wako anaisoma, na michoro yote ikabidhiwe.

Treni ya kwanza ifike mapema, peke yake, miezi kadhaa kabla ya nyingine. Makosa yatakayoonekana kwake yarekebishwe kwa zile ambazo bado ziko kiwandani.

Hatua ya 9: Kagua, jaza mchanga, jaribu

Tuma fundi mzee kiwandani, pamoja na mkurugenzi. Fundi atalala chini ya behewa. Mkurugenzi atapiga picha. Wote wana kazi yao.

Treni ikifika, jaribu tupu, kisha jaribu imejaa. Kujaza hakuhitaji watu: pakia mifuko ya mchanga viti vyote na vijia, uzito wa abiria wa sikukuu. Piga breki ya dharura kwenye mteremko mkali kuliko yote, reli ikiwa imelowa. Jaribu usiku. Jaribu treni nzima kuvutwa na kichwa cha zamani, kwa sababu siku itaharibika porini kichwa hicho ndicho kitakachotumwa. Kama kapla (vifaa vya kuunganishia mabehewa) haziungani, au moja ina breki za upepo na nyingine za vakyumu, utagundua leo badala ya siku hiyo. Kisha itembee ratiba kamili bila abiria kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 10: Hamisha abiria polepole

Treni za XPT nilizozitaja zilitarajiwa kuanza kupokelewa na mpya mwaka 2023. Mwaka ukapita mpya zikiwa hazijabeba abiria, na wazee wa 1982 wakaendelea kuchapa kazi. Kama wangekuwa wameshakatwa vyuma, mikoa mizima ingebaki na mabasi. Fungu la kati la Hatua ya 1 liendelee kutunzwa mpaka treni mpya imalize mwaka mmoja wa kazi, pamoja na msimu wa mvua.

Angalia pia abiria anashukia wapi. Madaraka Express, treni ya SGR ya Kenya kati ya Nairobi na Mombasa, ilipoanza mwaka 2017, stesheni ya Nairobi iliwekwa Syokimau na ya Mombasa Miritini, mbali na katikati ya miji. Ikabidi treni ndogo za reli ya zamani zipangwe kupeleka abiria kati ya Syokimau na stesheni ya kati ya Nairobi. Treni mpya bila namna ya kuifikia inambebesha abiria nauli ya pili.

Za zamani zikistaafu, toa vipuri, ondoa asbesto kwa watu wenye vifaa, uza chuma. Bakiza moja nzuri. Makumbusho ya reli Nairobi yapo tangu 1971 kwa sababu kuna mtu alikataa kuuza kila kitu kwa kilo.

Ikikwama

*Treni mpya inatikisika kuliko ya zamani.* Kagua njia kabla ya kumlaumu mtengenezaji. Bogi ngumu ya kisasa inasema ukweli ambao ya zamani iliulainisha. Kama inatikisika kilomita zile zile kila siku, ni njia. Kama ni kila mahali, pima magurudumu.

*Magurudumu yanaisha haraka kona za milimani.* Mafuta ya kulainisha ukingo wa gurudumu hayatoki, au umbo la gurudumu halikuchaguliwa kwa kona zako. Ni kazi ya kuchonga, si ya kununua.

*Umeme unakatika bila sababu.* Kagua nguzo na vikombe vya kuhami. Mwaka 2024, siku za mwanzo za treni ya umeme Tanzania, taarifa ya shirika la reli iliwataja ngedere na bundi. Watu walicheka mitandaoni. Mafundi wa umeme hawakucheka. Vizuizi vya wanyama ni rahisi kuliko treni iliyosimama porini.

*Milango haifungi.* Tisa kati ya kumi, kwa uzoefu wangu, ni mchanga kwenye reli ya mlango au mzigo uliozuia. Brashi na ufagio viwe kwenye kila treni.

*Nusu ya treni ziko karakana.* Angalia stoo. Kama zinasubiri kipuri kimoja, usianze kung'oa kutoka treni ya saba ili kuponya ya tatu. Ukianza hivyo, baada ya miaka miwili utakuwa na magogo yako na mpapai wako.

*Mtengenezaji anachelewa.* Fidia ya ucheleweshaji idai kwa maandishi tangu siku ya kwanza, hata kama mnaelewana. Wakati huo huo panua ukarabati wa fungu la kati.

*Mkubwa anataka uzinduzi tarehe fulani na majaribio hayajaisha.* Usibishane naye kikaoni. Chapa ukurasa mmoja wenye majaribio yaliyobaki, kila moja mstari wake: breki na mzigo kamili, kuvutwa porini, kutoa abiria ndani ya handaki. Pembeni ya kila mstari weka nafasi ya sahihi ya anayeidhinisha abiria wapande kabla halijafanyika. Mpelekee na kalamu.